Samurai Shodown ilirudi na makali yake, lakini ilichelewa kuwafikia wachezaji

Michezo mingi ya video ya mapigano humsifu mchezaji anayeweza kuunganisha mapigo kumi au zaidi mfululizo huku mpinzani wake akibaki kutazama tu. Samurai Shodown, ambayo kampuni ya SNK ya Osaka iliitoa mwaka 1993, ilianza na wazo la namna nyingine kabisa: watu wawili wanaokabiliana na panga mkononi wana kila sababu ya kuogopana, na pigo moja lililopata mahali pake linatosha kugeuza pambano zima. Ufufuo wake wa mwaka 2019 ninaupima kwa wazo hilo, kwa kuwa picha nzuri na majina ya zamani yanaweza kununuliwa, ilhali hofu ile ya kukosea mara moja tu ni vigumu sana kuitengeneza upya.

Inafaa kukumbuka mchezo huu ulitokea katika mazingira gani. Miaka miwili tu kabla yake, Street Fighter II ilikuwa imewazoesha watu wa kila nchi kudhani kwamba pambano ni ngumi, mateke na mipira ya moto, na karibu kila kampuni ikaiga mtindo huo. SNK ikawaleta watu wa Japani ya karne ya 18 na wageni wao: Haohmaru, ronini (samurai asiye na bwana) mwenye nywele zilizotimka, Nakoruru, binti wa Kiainu, watu wa asili wa kaskazini mwa Japani, anayepigana kwa kisu kifupi akisaidiwa na mwewe wake, Charlotte, mwanamke wa Kifaransa mwenye upanga mwembamba, na Ukyo Tachibana, mgonjwa wa kifua kikuu ambaye huuacha upanga wake alani mpaka sekunde ya mwisho. Wapiganaji walipoachana, picha ilirudi nyuma na uwanja ukaonekana mpana. Walipokaribiana, ilisogea mbele, na mchezaji akajua bila kuambiwa kwamba ameingia katika eneo la hatari.

Mfululizo huo ulipita katika misukosuko mingi baada ya hapo. Toleo la pili la mwaka 1994 wengi bado wanalihesabu kuwa bora kuliko yote, SNK ya awali ikafilisika mwaka 2001, matoleo mengine yakatengenezwa chini ya wamiliki wapya, na Samurai Shodown Sen ya mwaka 2008, iliyojaribu kuuhamishia mchezo katika uwanja wa pande tatu, haikupata mapokezi mazuri. Kisha kukawa kimya cha muda mrefu.

Toleo la 2019, lililosimamiwa na Yasuyuki Oda kama mtayarishaji na Nobuyuki Kuroki kama mwongozaji, lilifanya uamuzi ambao mpaka leo nauona kuwa wa kijasiri. Wakati huo michezo ya mapigano iliyouzwa sana ilikuwa ikizidi kuwa ya haraka na kujaa fataki, na ingekuwa rahisi kuifuata. Kuroki na wenzake wakarudi nyuma. Hadithi yao imewekwa mwaka 1787, kabla ya matukio ya mchezo wa kwanza, na michoro ina mistari mizito kama ya brashi ya wino. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba walikubali ukimya uwemo ndani ya mchezo. Kuna nyakati ambapo wachezaji wawili hawabonyezi chochote. Wanasogea hatua moja mbele, moja nyuma, kila mmoja akipima urefu wa silaha ya mwenzake.

Chukua pambano la Haohmaru dhidi ya Charlotte. Haohmaru ana pigo zito la upanga ambalo, likimpata mpinzani aliyekosea, linaweza kuondoka na sehemu kubwa ya uhai wake kwa mara moja. Pigo hilo hilo likizuiwa au likikata hewa, humwacha Haohmaru wazi, na Charlotte hahitaji zaidi ya mchomo mmoja kumwadhibu. Kila anayepigwa hujaza kipimo cha hasira, na kipimo kikijaa, mchezaji hupata nafasi ya kutumia pigo linaloivunja au kuiangusha silaha ya mwenzake. Aliyenyang'anywa upanga hubaki mikono mitupu, akiwa na uwezo mdogo wa kujeruhi, na tumaini lake kubwa ni kuudaka upanga wa adui kwa viganja. Kulipuka kwa hasira kunaruhusiwa mara moja tu katika pambano zima, na kipimo kilichotumiwa hivyo hakirudi. Kwa hiyo maamuzi ni machache na yote ni mazito, na hata anayeanza kucheza leo anaweza kumshinda mzoefu aliyepumbaa kwa nusu sekunde. Sijaona mchezo mwingine wa mapigano wa miaka ya karibuni unaomheshimu mtu mwenye subira kiasi hiki.

Watu waliliona hilo. Katika mwaka wake wa kwanza mchezo uliwekwa miongoni mwa michezo mikuu ya Evo, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano huko Las Vegas, na ubingwa ukachukuliwa na mchezaji wa Korea Kusini anayejiita Infiltration.

Hata hivyo, kuna kosa moja ambalo siwezi kulipitia juu juu, nalo ni namna mchezo ulivyounganishwa na intaneti. Toleo la 2019 lilitumia mfumo wa zamani wa kusubiri: ukibonyeza kitufe, programu hukichelewesha kitendo chako hadi taarifa za mpinzani zifike, ili mashine zote mbili zione jambo lile lile. Mtandao ukiyumba, upanga wako unachelewa. Katika mchezo wa mapigo mepesi kumi, kuchelewa huko kunaudhi. Katika mchezo ambao pigo moja linaamua, kunaharibu kila kitu, kwa sababu umbali ulioupima kwa uangalifu haukuwa na maana tena. Mfumo wa rolibeki, ambao hukubali kitufe chako papo hapo, hukisia alichofanya mwenzako na kurekebisha picha iwapo umekisia vibaya, ulikuwa ukijulikana kwa miaka mingi wakati huo. Samurai Shodown iliupata mwaka 2023.

Miaka minne ni mingi mno. Mashabiki wa Tokyo au Osaka walikuwa na kumbi za michezo na wapinzani wa jirani. Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako vibanda vingi vya gemu vinaendeshwa kwa michezo ya video ya mpira wa miguu, alimtegemea mpinzani wa mbali, pengine Dubai au Ulaya, na kwake mtandao ndio uliokuwa ukumbi wenyewe. Kabla ya marekebisho kufika, wengi walikwisha kuhamia kwingine, na mhusika wa mwisho kuongezwa, Baiken aliyeazimwa kutoka mchezo mwingine wa mapigano, Guilty Gear, alikuwa ameingia tangu 2021. Wapo wanaosema mchezo ulififia kwa sababu mwendo wake wa polepole hauwafai vijana. Sikubaliani nao hata kidogo. Ulinyimwa watu wa kucheza nao, na hakuna subira inayoweza kujifunzwa dhidi ya mashine peke yake.

Nasema haya kwa sababu naamini mfululizo huu utarudi tena, na sababu za kuuchelewesha zimepungua. Tangu mwaka 2022 karibu hisa zote za SNK zimo mikononi mwa taasisi ya Misk ya Saudi Arabia, na Fatal Fury: City of the Wolves, mchezo mwingine wa mapigano wa SNK wa mwaka 2025, ilitoka ikiwa na rolibeki tangu siku ya kwanza. Samurai Shodown ijayo inastahili vivyo hivyo, na mapigo yake yaachwe mazito kama yalivyo sasa.