Sangara wa Mwanza na hesabu za wizi wa kura

Pima sangara mia wanaoingia kiwandani Mwanza kwa kipimo kilichotumika ziwani miaka mingi, sentimita 50 hadi 85. Urefu wa kila mmoja utaanza na 5, 6, 7 au 8. Kanuni ya Benford, inayohusu tarakimu ya kwanza ya namba, kwa upande wake inataka 1 ianze kwa asilimia 30 hivi ya namba na 9 iambulie chini ya asilimia 5. Basi tuseme rula imechakachuliwa?

Ndivyo zilivyosomwa kura za Joe Biden, mgombea urais wa Marekani, katika vituo vya Chicago mwaka 2020: hazikufuata Benford, basi zimeibwa. Benford hufanya kazi kwenye namba zilizotawanyika, toka makumi hadi malaki. Vituo vya kura hupangwa vikaribiane ukubwa. Kituo kikiwa na wapigakura 300, anayepata asilimia 70 hadi 79 huvuna kura 210 hadi 237: zote zinaanza na 2. Mpinzani wake ana 63 hadi 90, hakuna hata moja inayoanza na 1. Kwa kipimo hicho, hata aliyeshindwa kaiba!

Kenya mwaka 2017, upande wa Raila Odinga ulitilia shaka pengo kati yake na Uhuru Kenyatta lililoganda kwenye asilimia 11 hivi matokeo yakimiminika. Lakini kura zikishafika mamilioni, na maeneo yanaripoti kwa kuchanganyika, wastani hutulia wenyewe. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi ule Septemba 1, ila kwa sababu ya usafirishaji wa matokeo na fomu zenye kasoro.

Hapo ndipo watetezi wa tume za uchaguzi hupenda kufunga mjadala: takwimu ni porojo. Si kweli. Huko Urusi watafiti walikuta vituo vingi kupita kiasi vyenye asilimia kamili kama 75, 80, 85; mtu akipika matokeo hupenda namba za mviringo. Bahati peke yake haielezi hilo.

Tatizo ni kuruka toka shaka hadi hukumu. Kituo chenye mahudhurio ya asilimia 99 kinastahili kufunguliwa: linganisha fomu iliyobandikwa mlangoni na nakala ya wakala wa chama, kisha na namba iliyoingia kwenye majumuisho ya jimbo, maana huko ndiko tarakimu huongezeka. Mwisho hesabu majina yaliyowekwa alama kwenye daftari. Kura halali ukijumlisha na zilizoharibika zikiyazidi, Benford wa nini tena?