Ndoo ya Omena na Paka wa Mji wa Kale

Rafiki yangu Mwalimu aliomba kitu kimoja tu: gorogoro moja ya omena, yaani kopo moja la kupimia sokoni la dagaa wa Ziwa Victoria. Alinipigia simu wiki mbili kabla ya safari na kulirudia jambo hilo mara tatu, kama anayempa mtoto wa darasa la pili kazi ya nyumbani. "Omera," yaani ndugu kwa Kijaluo, "gorogoro moja. Usiniletee kingine." Alihamishiwa Mombasa, akaoa huko Mji wa Kale, na tangu hapo anakula samaki wa baharini kila siku na kulalamika kila siku. Dagaa wa pwani, anasema, wanachemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo ukila unailamba bahari yenyewe. Omena ya ziwa inaanikwa mbichi. Hapo sikubishana naye.

Shida ni kwamba mimi mtu akiniambia "usiniletee kingine", ninasikia ananiambia kwa adabu nisije na kimoja tu.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa na uvuvi wa omena umefunguliwa, maana Aprili hadi mwisho wa Julai unafungwa ili samaki wapate kuzaana. Jumapili nikaingia soko la Kibuye, hapa Kisumu, mapema. Omena haichaguliwi kwa macho peke yake. Ichukue moja uikunje: ikivunjika "tap", imekauka, ikipinda kama mpira, ina maji ndani, na hiyo itaota ukungu hujafika hata Ahero. Rangi iwe ya fedha. Ukiona umanjano na ukahawia, jua ilinyeshewa ikiwa juu ya wavu, na ya namna hiyo kwao ni kwenye chakula cha kuku. Kisha tumbukiza konzi moja kwenye bakuli la maji uone mchanga unaotua chini, kwa sababu omena iliyoanikwa mchangani utaitafuna pamoja na ufuo wake. Mama muuzaji aliniangalia nikiyafanya haya yote, akauliza, "Baba, unanunua ama unaposa?"

Nilinunua gorogoro mbili. Moja ya Mwalimu, ya pili ya heshima, kwani gorogoro moja kwenye ndoo inaonekana kama imebaki.

Hatua chache mbele nikakutana na obambla. Kwa asiyemjua, huyu ni ngege, yaani tilapia, aliyepasuliwa, akafunguliwa kama kitabu, akatolewa matumbo, akapakwa chumvi na kuanikwa juani. Mzuri anakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha polisi. Bonyeza kwa kidole gumba pale nyama inaposhikana na uti wa mgongo. Kidole kikididimia, mrudishe alikotoka. Nikachukua wawili, kila mmoja upana wa sinia ndogo. Njugu nazo nikaongeza kilo mbili. Na magadi, kwa ajili ya mrenda, ambao nilimtuma kijana aniletee kesho yake asubuhi.

Mpaka hapo bado nilikuwa mtu mwenye akili timamu. Jioni jirani yangu, Mnandi, aliposikia nasafiri akaniletea mursik.

Mursik ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kinachoitwa sotet, baada ya kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Ndio maana yanakuwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi mtamu. Kibuyu kina kifuniko kinachokaa juu bila kubana sana, nacho kinapumua. Hilo la kupumua ndilo kiini cha mkasa huu. Haya yalikuwa na siku tatu tu, yaani bado yalikuwa kazini, yanachachuka. Kibuyu chake jirani hakunipa, na ni haki yake. Nikamimina lita mbili kwenye kijerikeni kilichokuwa cha mafuta ya kupikia, chenye kifuniko cha kubonyeza. Nikajaza hadi shingoni. Nikaona nikiacha nafasi nitaonekana mchoyo.

Kufunga mizigo Kenya siku hizi si kama zamani. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo zile karatasi za nailoni tulizokuwa tukizungushia samaki mara saba hazipo. Ninachotumia ni ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia, ya kilo kumi, yenye kifuniko cha kubana. Unaiosha kwa maji moto na sabuni, unaianika siku nzima, unatandika magazeti chini, unamwaga omena, unafunika magazeti tena juu. Gazeti linavuta unyevu. Harufu inabaki humo humo. Kwa miaka mingi ndoo hiyo haijawahi kuniaibisha.

Jumatatu asubuhi, uwanja wa ndege wa Kisumu. Nilikuwa na haki ya kilo 23 za tumboni mwa ndege na kilo saba za mkononi. Mizani ya kaunta ikasema begi na ndoo pamoja ni kilo 26. Binti wa kaunta akanieleza kwa upole kwamba naweza kulipia au kupunguza. Nilipoisikia bei ya kila kilo nikapiga magoti pale pale sakafuni na kufungua begi mbele ya watu, chupi zikiwa juu.

Obambla na njugu nikazihamishia kwenye mfuko wa mkononi. Kilo zikatosha. Lakini kule kufungua kukaniletea wazo. Kijerikeni cha mursik kilikuwa kati ya nguo, juu ya suti niliyopanga kuivaa. Nikajiuliza: je, kikimwagika? Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, ili foleni nzima isikie hekima: "Kama ni kumwagika, kimwagikie ndoo, si suti." Nikakizamisha katikati ya omena, nikarudisha kifuniko, nikazungusha selotepu mara nne.

Kwenye mashine ya kukagua mizigo nikazuiwa. Askari mwanamke akatoa kwenye mfuko wangu kifurushi cha karatasi ya kaki, akakifungua, akaona unga wa kijivu-cheupe. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni nini, baba?"

"Magadi."

"Ya nini?"

"Ya mrenda."

Akachota kidogo kwa ncha ya ukucha, akaonja, akakunja uso. Hapo akatabasamu, nikajua ni mtu wa kwetu. "Haya. Na mrenda wenyewe uko wapi?"

Mrenda ulikuwa nyumbani, juu ya meza ya jikoni, umefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Nilivuka ukaguzi huo na unga wa kulainishia mboga ambayo sina.

Ndani ya ndege niliweka mfuko kwenye kabati la juu ya viti. Obambla aliyekauka sawasawa hanuki sana akiwa kwenye baridi. Lakini kabati hilo lilikuwa na joto, na karatasi ya gazeti si ukuta. Tulipopita juu ya Kericho, kwa makadirio yangu, mtu wa kiti cha mbele alinusa kwapa lake la kulia, kisha la kushoto. Mama wa upande wa pili akamkagua mtoto wake nepi. Mhudumu akapita mara ya kwanza akitabasamu, ya pili hakutabasamu, ya tatu alipita akipuliza manukato. Nikafungua dirisha la macho: nikatazama mawingu hadi Nairobi kama mtu ambaye hajawahi kumwona samaki maishani.

Nairobi nikasubiri ndege ya Mombasa kwa muda wa saa tatu. Huku nyuma, ndani ya ndoo, mambo yalikuwa yakiendelea, ambayo nimekuja kuyaelewa baadaye nikiwa na muda mwingi wa kufikiri.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani yake inaachwa iwe nyepesi, kama ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400, na sehemu ya mizigo nayo ni vivyo hivyo. Hewa ya nje ya chombo ikipungua nguvu, iliyofungiwa ndani inatanuka. Kijerikeni changu hakikuwa na nafasi ya kutanukia, na maziwa yenyewe yalikuwa yakitoa gesi yake. Kifuniko cha kubonyeza kikafanya kile ambacho kifuniko cha kubonyeza kinaweza kufanya: kikafyatuka. Chupa ya soda ingevumilia, maana imetengenezwa kuhimili gesi. Nusu kijerikeni pengine ingevumilia. Kibuyu kingecheka tu.

Lita mbili zikaingia kwenye omena. Na omena kavu ukiipa maji, inakunywa. Inanyonya, inavimba, inarudia umbo lake la ziwani. Ndoo iliyofungwa kwa selotepu mara nne, iliyoachwa mahali nisipopajua kwa saa tatu, ikapakiwa tena, ikapelekwa Mombasa kwenye joto lake.

Kwenye mkanda wa mizigo sikuitambua. Kifuniko kilikuwa kimebonyea ndani kama shavu la bikizee asiye na meno. Hii nayo ina sababu: hewa ilitoroka kule juu, ndege iliposhuka hadi usawa wa bahari hewa nzito ya Mombasa ikakandamiza kutoka nje. Ukingoni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliinua ndoo, ikalia "chwakachwaka". Omena kavu hailii hivyo. Inalia kama mvua ya mbali kwenye bati. Lakini mtu aliyebeba zawadi hataki kusikia, nikajiambia ni njugu, ingawa njugu nilikuwa nazo mkononi.

Dereva wa teksi aliwasha kiyoyozi. Tulipofika Changamwe alikizima na kufungua madirisha yote manne. Tulipovuka Makupa kuingia kisiwani alikuwa ametoa kichwa nje, anaendesha kwa jicho moja. Hakuuliza kitu. Alinishusha karibu na Fort Jesus, akasema gari haliingii vichochoro vile, na ni kweli haliingii, ila aliondoka kwa kasi kuliko ilivyohitajika.

Nikaingia Ndia Kuu nimebeba ndoo mkono wa kulia. Ukibeba ndoo kwa mpini, inainama kidogo. Ufa ulikuwa upande wa chini. Tone moja kila hatua mbili.

Paka wa kwanza alikuwa wa rangi ya chungwa, amelala juu ya baraza. Alifungua jicho moja. Wa pili na wa tatu walitoka chini ya mlango. Anayejua Mji wa Kale anajua paka walivyo wengi huko, na kwamba ni paka wenye heshima zao, hawamkimbilii mtu. Walinifuata kwa mwendo wa pole, wakilamba mawe nyuma yangu. Nilipokata kona ya kwanza walikuwa saba. Nikakaza mwendo, matone yakazidi. Vijana waliokuwa wakicheza bao wakaacha kete hewani. "Mzee," mmoja akasema, "hawa wote ni wako?" Nilipogeuka nikahesabu hadi kumi na nne nikaacha.

Mwalimu alikuwa mlangoni na mkewe na mama mkwe wake. Nikaweka ndoo chini, nikamwamkia mama, "Shikamoo." Alikuwa ameziba pua kwa ncha ya leso, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Shemeji akasema karibu, karibu, bila kusogea.

Ndoo tuliifungulia uani. Kifuniko kilipotoka kilivuta pumzi, "fwop", kisha kikatoa. Siwezi kuielezea harufu ile. Niseme tu kwamba mama mkwe aliikaribia, akatazama ule uji wa kijivu wenye macho elfu, akauliza kwa upole kabisa, "Hii ya kula, mwanangu, au ya kuchua miguu?"

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Gorogoro moja. Nilisema gorogoro moja, kavu."

Nilipendekeza tuioshe kwa maji moto mara tatu na ndimu. Shemeji akakataa, na alikuwa sahihi: samaki aliyelowa na kukaa kwenye joto siku nzima hapatani na ndimu. Ndoo ikapelekwa nje ikamwagwa kwenye sinia kuukuu. Mji wa Kale ukapata karamu ambayo wazee wa paka watawasimulia wajukuu.

Aliyeniokoa ni obambla. Mama mkwe akawaosha, akawaloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka wakalainika, akayamwaga maji hayo na chumvi yake, akachemsha kidogo, akatoa miba mikubwa. Kwetu tungewamalizia kwa maziwa au njugu za kusaga. Yeye akaweka tui jepesi, nyanya, pilipili na ukwaju, na mwisho tui zito, akiwa anakoroga asiache lichemke likakatika. Tukala na sima. Mwalimu alilamba vidole mpaka kwenye viwiko na hakuongea nami hadi sahani ilipokwisha, halafu akaomba radhi kwa niaba ya bahari yote.

Nilikaa siku tano. Kila nilipotoka kwenda dukani nilisindikizwa. Wale vijana wa bao walikuwa wameshanipa jina, Sultani, na walikuwa wakisimama nikipita.

Siku ya kurudi, mama mkwe alinifungia halua, mabuyu, na chupa ya achari ya maembe aliyoitengeneza mwenyewe. Kifuniko kimekazwa, mafuta yamefika ukingoni kabisa, hakuna hata nafasi ya sisimizi kuogelea. Nikaishika, nikaitazama. Nikaomba kijiko.

"Una njaa, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, mama, nina njaa sana. Nikafungua chupa pale pale mlangoni, nikala vijiko vinne vya achari tupu, machozi yakinitoka, huku paka wa chungwa akinitazama.