Jamani msimwahidi mtoto zawadi bila kutuambia sisi

Hii kitu inaniuma kweli na kila Desemba inajirudia. Mtu anapiga video call, anaongea na mtoto dakika mbili, anamwambia "Krismasi nakuletea baiskeli", kisha anakata simu anaendelea na mambo yake. Sisi tunabaki na mtoto wa miaka minne ambaye hajui wiki tatu ni nini, kwake kesho na mwezi ujao ni kitu kimoja, kwa hiyo asubuhi hata macho hayajafunguka vizuri anauliza baiskeli iko wapi, jioni mlango ukigongwa anakimbia akijua imefika, usiku analia mbona haiji, na mdogo wake wa miezi saba ndo kwanza kalala, basi anaamka na yeye.

Mume wangu kamchorea viboksi kwenye karatasi, kila siku wanakata kimoja mpaka tarehe 25, kidogo inasaidia.

Ila kusubiri sio tatizo langu kubwa. Mwaka jana mtu aliahidi hivihivi na hakuleta, wala hakupiga simu, mimi ndo nilikaa chini na mtoto siku ya sikukuu akiniuliza kama amekosea nini. Akiniuliza mimi! Sikuwa na jibu, na bajeti yetu ya mwezi huo ilishaisha kwenye diapers na kodi.

Kama unataka kumpa kitu tutumie meseji sisi wazazi kwanza, usimtajie mpaka kiwe mkononi mwako.