Greensted na karne mbili zilizopungua

Kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted, katika kaunti ya Essex, Uingereza, hutajwa kuwa kanisa kongwe la mbao duniani. Kipimo cha mwaka 1960 kilitoa mwaka 845, na wengi wakaridhika kwamba ni kazi ya Waanglo-Saksoni, au Wasaksoni kwa kifupi, waliotawala Uingereza wakati huo. Mwaka 1995 wataalamu wakahesabu pete za ukuaji, moja kwa kila mwaka, katika magogo yenyewe: miti ilikatwa baada ya 1060. Huenda basi kanisa lilijengwa baada ya Wanormani, watu wa Normandia huko Ufaransa, kuitwaa nchi mwaka 1066.

Wanaotaka lisiitwe tena la Wasaksoni wana hoja nzito. Pete ni ushahidi wa mti wenyewe. Kwa kuwa tabaka za nje za magogo zilishapotea, hesabu inatoa kipindi tu, na sehemu kubwa ya kipindi hicho iko upande wa Wanormani.

Lakini tazama ukuta. Magogo ya mwaloni yamepasuliwa kati kwa urefu, yakasimamishwa bega kwa bega, mgongo nje, ubapa ndani, na ubapa huo bado una alama za tezo. Ubavuni kila gogo limechongwa mfereji, ukapachikwa ubao mwembamba wa kuzuia upepo na mvua. Ufundi huu haukuja na Wanormani, ambao sifa yao ni mawe na matao. Seremala wa kijijini habadilishi mkono wake kwa sababu mfalme amebadilika. Tena wachimbaji wa 1960 walikuta hapo hapo dalili za majengo mawili ya mbao ya kale zaidi. Kwangu mimi, asili ya Kisaksoni inasimama. Cha kuacha ni ule mwaka 845.

Kinachoniuma zaidi ni ukarabati wa 1848. Magogo yalikuwa yameoza chini, mafundi wakakata sehemu zile na kuyakalisha juu ya msingi wa matofali. Wanaowatetea husema bila hivyo ukuta ungeanguka, na watu wasingekuwa wanasali humo hadi leo. Nakubali. Ila sehemu iliyokatwa ndiyo ingetuonyesha magogo yalisimikwaje, ardhini moja kwa moja au juu ya boriti. Chama cha William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza, cha kulinda majengo ya kale, kilichopinga ukarabati wa namna hiyo, kilianzishwa 1877, na Greensted ilikuwa imeshakatwa karibu miaka 30 kabla.