Choo cha Siku 12

Siku ya kwanza ya mradi tulimaliza kazi saa sita mchana, nusu siku kabla ya muda uliopangwa. Naomba hilo likumbukwe, maana ndilo jambo pekee lililoitangulia chati, na ndilo lililotuponza.

Kazi yenyewe ilikuwa kubomoa choo cha zamani.

Nirudi nyuma kidogo. Hapa Goma ukirusha jiwe, na mawe tunayo, litamwangukia mtu mwenye cheti cha usimamizi wa miradi. Mashirika ni mengi, kila shirika lina mradi, na kila kijana anataka kuwa mratibu wa kitu. Cheti changu nilikipata baada ya mafunzo ya siku tano katika ukumbi wa hoteli unaotazama Ziwa Kivu, chai na sambusa mara mbili kwa siku. Tulifundishwa kadre lojiki, lile jedwali la malengo na kazi za mradi ambalo bila hilo mfadhili hakusikilizi. Tulifundishwa chati ya Gantt, ya yule mhandisi Mmarekani Henry Gantt aliyeieneza mwanzoni mwa karne ya 20: kila kazi ni mstari, urefu wa mstari ni siku zake. Tukafundishwa na PERT, njia ya kukadiria muda wa kazi, iliyobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani lilipokuwa likitengeneza makombora ya Polaris. Nilitoka pale naiona dunia yote kwa mistari. Hata ugali nilimweleza mke wangu kwamba una kazi tangulizi: huwezi kusonga kabla maji hayajachemka. Akaniambia asante, hakuwa anajua.

Nyumbani kwetu Murara choo kilikuwa kimejaa. Na dada yangu mdogo alikuwa amepata mchumba. Ujumbe wa wakwe ungekuja kwa mambo ya mahari Jumamosi ya wiki ya tatu. Mama akaniita.

"Mkubwa, tafuta fundi achimbe choo ingine mbele ya wageni."

Nilimweleza kwa upole kwamba hilo ni hitaji tu, bado halijawa mradi. Usiku ule nikakaa na kompyuta nikaligeuza kuwa mradi.

Nilikuwa na wadau: Mama, mke wangu, dada, mdogo wangu wa kiume, watoto wetu watatu, na mimi. Watu wanane. Nilikuwa na orodha ya hatari. Mvua: uwezekano mkubwa, athari ya kati. Wizi wa simenti: uwezekano wa kati. Volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka: uwezekano mdogo, athari kubwa, hatua ya kuchukua: kukimbia. Mstari ule wa Nyiragongo niliupenda sana. Niliona ni mtu mwenye upeo tu angeufikiria.

Siku za kuchimba nilizipata kwa PERT. Unachukua siku chache kabisa, unaongeza siku za kawaida mara nne, unaongeza siku nyingi kabisa, unagawa kwa sita. Nilisema nne, tano na tisa. Jibu: siku 5.5. Ile nukta tano ilinipa imani kubwa. Mtu anayebahatisha hasemi nusu.

Chati nzima ilitoka siku 12 za kazi, na wiki nzima ya akiba kabla ya wageni. Nikaichapa kwa rangi kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani sebuleni, pembeni ya picha ya marehemu baba. Mstari wa kwanza, wa kijani: kubomoa choo cha zamani. Niliuweka mwanzo kwa sababu mbili. Mabati na mbao zake zingetumika tena kwenye choo kipya. Pili, mwalimu wetu alisema mradi mzuri huanza na tokeo la haraka, watu waone kitu, wapate moyo.

Watu waliona kitu. Jumatatu saa sita mchana kibanda kilikuwa chini na shimo limefukiwa kwa kifusi. Nikapaka mstari wa kijani rangi ya kumaliza. Saa nane mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka sita, akatoka ndani anakimbia, akafika nyuma ya nyumba, akasimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akaniangalia mimi.

Katika orodha yangu ya hatari kulikuwa na volkano. Hakukuwa na haja.

Nyuma ya uwanja wetu anaishi mama mmoja mjane, sisi tunamwita Mama wa Nyuma. Choo chake kina mlango wa mbao na kufuli, na ufunguo anautundika shingoni kwa kipande cha kitenge. Mama alikwenda kumwomba. Alikubali vizuri, jirani ni jirani. "Ni siku ngapi?" akauliza. Nilidakia mwenyewe: kumi na mbili.

Jumanne fundi alianza kuchimba, na mpaka jioni alikuwa ameshuka sentimita 60. Nikafurahi. Mita tatu kwa mwendo ule ni siku tano kamili, kumbe PERT ilikuwa imenionea hata ile nusu.

Jumatano nilirudi kazini nikamkuta fundi amekaa ukingoni, anakula muhindi wa kuchoma.

"Vipi, Papa Fundi?"

"Iko jiwe, patron."

Nikashuka shimoni nione. Aliniachia baramini, chuma kirefu kunizidi mimi. Nikainyanyua kwa mikono miwili, nikaishusha kwa nguvu zangu zote. Ti! Ilinirudia mpaka kwenye meno. Nikainama: juu ya jiwe jeusi kulikuwa na kidoa cheupe, ukubwa wa punje ya haragi. Kazi yangu yote ndiyo hiyo.

Zile sentimita 60 za juu, akanieleza, ni ile kokoto iliyovunjikavunjika ya ngozi ya lava. Chini yake ndipo lava yenyewe, iliyopoa polepole ikashikana. Siku nzima alikuwa ameshuka sentimita nne. Nilibaki na sentimita 236. Gawanya kwa nne. Hata bila PERT ni siku 59.

"Lakini mimi niliandika Nyiragongo kwenye hatari," nikasema, sijui nilikuwa namwambia nani.

Fundi akagonga ukuta wa shimo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga ng'ombe mgongoni. "Hii njo Nyiragongo, patron. Ilishafika tangu 2002."

Na ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka ikakata mji mpaka ziwani, ikapita hapa hapa kwetu. Baba alijenga nyumba hii juu yake ilipopoa. Mimi nililelewa juu ya ile hatari. Nimetembea juu yake miaka yote. Halafu nikaiandikia uwezekano mdogo.

Hapo nilifanya wanachofanya wasimamizi wote: niliongeza watu. Kuna kanuni ya watu wa programu za kompyuta, ya tangu 1975, kwamba ukiongeza watu kwenye kazi iliyochelewa unaichelewesha zaidi. Wao walihitaji maelezo marefu. Sisi ilitosha kuangalia shimo: upana mita moja na ishirini, mtu mmoja ndiye anayeweza kuzungusha nyundo. Wale wawili wapya walikaa ukingoni wakimpa mawaidha, na jioni nililipa watatu.

Nikaanzisha pia mkutano wa asubuhi wa kusimama, dakika 15, familia nzima. Kila mtu anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha. Ulidumu siku mbili. Siku ya pili zamu ilipomfikia yule wa miaka sita, alikuwa amefunga miguu kama mkasi. "Ninakwamishwa na haja," akasema, na mkutano ukavunjika, wote tukielekea kwa Mama wa Nyuma.

Huko kulikuwa na usimamizi wa kweli. Siku ya 13 ilipopita, Mama wa Nyuma alichora kwa kaa kwenye mlango wa choo chake. Mistari. Saa kumi na mbili mpaka na nusu, watu wake. Na nusu mpaka saa moja, watu wa projé. Ndivyo alivyotuita. Usiku, dharura tu, na kwa kupiga hodi. Chini ya mlango aliweka bidoni la njano, dumu la maji, lililokatwa nusu, na kila mmoja wetu akiingia, yeye alitupia humo kijiwe kimoja. Hakusema ni vya nini. Nasi hatukuuliza.

Fundi alikuja na wazo lake: washa moto juu ya jiwe, liwake mpaka liive, kisha mwagia maji baridi, lipasuke. Maji yalikuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, bidoni kwa bidoni, mstari wa bajeti ambao haukuwepo. Siku ya kwanza kuni zilikuwa na umande, moto ukakataa. Mama akaingia sebuleni, akatoka na karatasi kubwa ya rangi, akampa fundi bila kuniangalia. Iliwaka vizuri sana. Jiwe likalia kwaa!, likapasuka. Siku ile tulishuka sentimita 11.

Jumamosi ya wageni tulikuwa na shimo la mita moja na kitu. Walikuja watu tisa, mashati meupe, na mzee mmoja mwenye fimbo ndiye msemaji wao. Walikunywa fanta. Watu tisa, fanta mbili mbili. Mimi nilizihesabu zile chupa kama mtu anayehesabu mabomu. Mzee ndiye aliyetangulia kunong'ona, mdogo wangu akamsindikiza nyuma. Alikaa sana. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo kati ya magoti, akafungua mazungumzo kwa heshima zote: wameona ua hapa nyumbani, wamekuja kulichuma kwa adabu.

"Lakini kabla hatujagusa mambo ya mbuzi," akasema, "tunaomba turudishiwe franka mia tano. Kuna mama huko nyuma ametutoza."

Kumbe ratiba ya kaa ilikuwa na bei ya wageni.

Dada yangu hakunisemesha siku nne. Ndoa ilipita, namshukuru Mungu, ingawa mbuzi mmoja alikatwa kwenye hesabu na upande wa pili ulicheka bila kueleza.

Jumatatu iliyofuata fundi aliweka nyundo chini. "Patron, kushuka imekatala. Tupande." Mawe tuliyoyatoa, na mengine ya kununua, akayajengea kuta juu ya shimo mpaka kina kikatosha, akaweka sakafu ya simenti, akaweka kibanda juu. Siku ya 41 choo kilikamilika. Kina ngazi tisa. Ukiwa mlangoni unaona mabati ya mtaa mzima, na mtaa mzima unakuona wewe, na adabu inakutaka usalimie. Mama anasalimia. Wenye pikipiki siku hizi hawaulizi tena nyumba yetu ni ya ngapi; unasema tu nishushe kwenye choo cha ngazi.

Nilikuwa naandika ripoti ya kufunga mradi wakati Mama wa Nyuma alipoingia na bidoni lake, akamwaga vijiwe mezani. Tulivihesabu pamoja: 583. Nikaanza kumweleza kuhusu fungu la mengineyo.

"Sitaki franka," akasema. "Choo yangu imejaa. Ni nyinyi mulijaza. Fundi anaanza Jumatatu, mawe ni yako, maji ni yako. Na ufunguo wa ile yenu ya juu, nipewe moja."

Nilimpa. Kisha, nusu kwa mazoea, nikamuuliza: "Na ile ya zamani tunaibomoa lini?"

Aliniangalia kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomwangalia mbuzi aliyekutwa anakula nguo kwenye kamba.

"Weye," akasema, "usikanyage kwangu." Akatoka, akapanda ngazi zetu tisa, ufunguo mkononi, akigeuka juu kuwasalimia watu.