Kura nne za Spika, na kiti kimoja cha Ikulu

Januari 15, 2008, huku sehemu kubwa ya Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wabunge wapya walikutana Nairobi kumchagua Spika. Wakabishana vikali, wakapiga kura hadi duru ya tatu, na Kenneth Marende wa ODM, chama cha Raila Odinga, akamshinda Francis ole Kaparo, aliyeungwa mkono na upande wa PNU wa Rais Mwai Kibaki, kwa kura 105 dhidi ya 101. Kura nne tu, na matokeo yakakubaliwa siku hiyo hiyo. Nje ya ukumbi, mzozo wa urais kati ya pande hizo hizo ulikuwa ukiua: walikufa zaidi ya watu 1,100.

Wanaosema tatizo letu ni ukabila, basi, hawajaniambia kwa nini haukumwaga damu bungeni, nao ulikuwamo tele. Aliyekosa uspika bado alikuwa na wabunge wake, kamati na sauti. ODM ilipata viti 99, PNU 43, lakini kwenye urais hesabu hiyo haikuwa na maana. Hazina, polisi na uteuzi vilikwenda kwa mtu mmoja, na machoni pa wapiga kura, kwa jamii yake.

Wanaotetea mfumo wa urais, badala ya serikali inayoongozwa na waziri mkuu kutoka bungeni, wana hoja nzito. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na robo katika angalau kaunti 24, hivyo kabila moja halitoshi. Ugatuzi umezipa kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana, na Bonde la Ufa, lililoumia sana kwa ghasia za 2008, likatulia. Tena, wanasema, wabunge wakiachiwa kumchagua kiongozi wa serikali, hununulika.

Yote kweli. Hata hivyo, mwaka 2022 Ruto alipata asilimia 50.49, Odinga 48.85, na tofauti ya kura 233,211 kati ya zaidi ya milioni 14 iliamua nani achukue chote. Ndiyo maana tunarudi kugawana kwa mlango wa nyuma: mkataba wa 2008 wa kugawana madaraka kati ya Kibaki na Odinga, handisheki ya Machi 2018 kati ya Uhuru na Odinga, wana-ODM kuteuliwa katika baraza la mawaziri la Ruto Julai 2024. Kila mara ni baada ya vifo, na mara mbili za mwisho ni kwa hiari ya rais.

BBI, mpango wa kubadilisha katiba uliotokana na handisheki hiyo na kuzimwa na Mahakama ya Upeo Machi 2022, haikuwa dawa, maana waziri mkuu wake angeteuliwa na rais. Rasimu ya katiba ya wataalamu ya Novemba 2009 ilimpa waziri mkuu kutoka bungeni uongozi wa serikali. Wabunge walikiondoa kipengele hicho walipokutana Naivasha, Januari 2010, kabla mwananchi hajaipigia rasimu kura.