Tatizo si elimu, tatizo ni fundi

Kila nikisikia warsha ya nishati na maji imeisha kwa azimio la "kuelimisha jamii", namkumbuka shangazi yangu wa Kinango, huku Kwale, pwani ya Kenya. Sola yake aliichukua kwa mkopo, akawa analipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Paneli anaifuta vumbi mwenyewe, na taa ya uani haiwashi ovyo kwa sababu anajua inavyokula betri. Mwaka haujaisha, betri ikaanza kuzima saa mbili usiku. Duka la kampuni (siitaji) liko Ukunda. Nauli ya kwenda na kurudi inamaliza malipo ya siku kadhaa, na fundi wa hapo kijijini hathubutu kufungua kile kiboksi. Kikifunguliwa tu, waranti imekufa. "Taa imelala," akaniambia, "lakini meseji ya deni hailali."

Elimu gani hapo?

Sisi wa Kwale haya hatukuanza kuyaona leo. Miaka ya 1980 pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa kwenye visima vyetu. Ilibuniwa makusudi wanakijiji waitengeneze wenyewe: spana moja inafungua karibu kila kitu, na kinachochakaa upesi ni kijimpira cha pistoni, unakifumbata mkononi. Ila kikiisha na dukani hakipo, pampu nzima inabaki chuma cha kufungia mbuzi. Mbuzi mwenyewe nimemwona, sipigi mfano. Akina mama wanarudi dimbwini, kisha mfadhili anaandika kwamba wanakijiji hawakuujali mradi.

Huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia kifaa cha kutuma ujumbe ndani ya mpini wa pampu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Matengenezo yaliyokuwa yakisubiri karibu mwezi yakawa ya siku tatu hivi kwa wastani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, inayotengeneza pampu Kitui na huku Kwale kwa ada. Na watu wale wale wanaosemwa hawataki kulipia maji, wanalipa. Walichokataa ni kulipia pampu iliyokauka.

Shangazi amerudia koroboi. Juzi nilimuuliza kama angechukua sola nyingine. Hakuuliza bei wala ukubwa wa paneli.

"Fundi wake anakaa wapi?"